Kipimo cha Mlango



Tuseme safari imekupeleka mkoa wa Mara. Umepanda basi Mwanza asubuhi, Ziwa liko mkono wako wa kushoto, nawe waelekea kaskazini. Kabla hujafika Bunda utapita lango la Ndabaka, mojawapo ya malango ya Hifadhi ya Serengeti. Hapo watu waliotoka nchi za mbali hulipa kiingilio ili wamtazame simba, nyumbu na twiga. Hakuna aibu katika jambo hilo. Twiga hajui kwamba atazamwa kwa ajili ya shingo yake, wala halali usiku akilia kwa sababu hiyo.

Ukiendelea mbele, kabla hujaingia Musoma, waweza kukata njia ukaenda Butiama. Huko nako watu huenda kutazama. Hutazama kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, na vitu vyake vilivyohifadhiwa katika makumbusho. Lakini kutazama huko ni kwa namna nyingine. Aendaye Butiama ajua jina la mtu aliyemwendea, ajua aliyoyafanya, na afikapo kaburini hupunguza sauti.

Sasa turudi nyuma kidogo, hapo stendi ya Bunda. Basi limesimama, na katika abiria wanaoshuka yumo mtu mrefu kupita kiasi, ambaye tangu Mwanza ameinamisha shingo kwa sababu paa la basi halikumtosha. Mara watoto wamzunguka. Mmoja amwita kwa jina la mnyama, wenziwe wacheka. Mtu mzima, mwenye mvi kichwani, atoa simu ampige picha bila ya kumwomba ruhusa. Wewe umekaa dirishani. Je, utamtazama kwa jicho lipi katika hayo mawili, la Ndabaka au la Butiama?

Swali hili si jipya, wala si dogo. Leo nataka kukusimulia khabari za bibi mmoja aliyetazamwa na watu maelfu kwa maelfu katika karne ya kumi na tisa, na ambaye maisha yake yote yalikuwa ni kutafuta mlango mmoja wa kupita bila ya kuinama. Lakini kabla ya kufika kwake tuvuke Ziwa, tuanzie karibu na kwetu.

KAMBA YA KUPIMIA

Ng'ambo ya Ziwa, upande wa magharibi, ulikuwako ufalme wa Karagwe. Mwishoni mwa mwaka 1861 alifika huko Mwingereza John Hanning Speke, pamoja na msafara uliotoka Unguja mwaka mmoja kabla. Katika viongozi wa msafara huo alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, ambaye jina lake si geni katika tarikhi ya pwani yetu. Mfalme Rumanika aliwapokea kwa ukarimu mkubwa.

Katika jumba la mfalme huyo wake wa kifalme walinenepeshwa kwa maziwa, hata baadhi yao hawakuweza kusimama sawasawa. Kwa watu wa Karagwe wa zama hizo unene ulikuwa ndio uzuri, na ulikuwa ni dalili ya heshima ya nyumba. Speke alipomwona shemeji mmoja wa mfalme alitamani ampime. Wakapatana: yeye amwonyeshe bibi yule mikono na miguu yake myeupe, naye akubali kupimwa. Akapima mkono, akapata inchi 23. Akapima kifua, akapata futi 4 na inchi 4. Akapima na paja. Mwaka 1863 vipimo hivyo vilichapishwa London katika kitabu cha safari yake, vikawa mikononi mwa kila aliyekinunua.

Zingatia jambo hili, msomaji. Bibi yule alikuwa ni yule yule, na mwili wake ule ule. Karagwe alikuwa ni fakhari ya jumba la mfalme, na London akawa kioja cha kusomwa baada ya chakula. Yeye hakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kipimo, na mwenye kukishika.

Na Ziwa lenyewe, ambalo mji wa Musoma umekaa ukingoni mwake, ni Speke huyo huyo aliyelipa jina la malkia wake, Victoria, alipoliona mara ya kwanza mwaka 1858. Likumbuke jina hilo, kwani tutalikuta tena huko mbele.

MTOTO WA MILL BROOK

Anna Haining Swan alizaliwa tarehe 6 Agosti 1846 katika kijiji cha Mill Brook, Nova Scotia, nchi ya Kanada. Baba yake alikuwa ni mhamiaji kutoka Scotland. Wazee wake wote wawili walikuwa ni watu wa kimo cha kawaida, na katika watoto wao 13 Anna alikuwa wa tatu. Siku aliyozaliwa alikuwa na uzito wa ratili 18, yaani kilo 8 na zaidi kidogo, na mama aliyezaa ajua uzito huo maana yake nini.

Hakuacha kukua. Alipokuwa na miaka minne alikwisha kupelekwa mji wa Halifax, akaonyeshwa kwa watu kuwa ni ajabu. Alipofika miaka 15 alikuwa amepita futi 7. Nyumbani kwao, wakati wa kula, nduguze walikaa vitini naye akakaa chini sakafuni, na hapo ndipo kichwa chake kilipolingana na vyao.

Wataalamu wa leo watuambia kwamba mara nyingi urefu wa namna hii hutokana na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, ambayo ukubwa wake ni kama wa njegere. Tezi hiyo ikimwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi wakati wa utoto, kabla ncha za mifupa hazijajifunga, mtu huendelea kurefuka wakati wenziwe wamekwisha kusimama. Siku hizi zipo dawa na upasuaji wa kuzuia hali hiyo. Zama za Anna hapakuwa na lolote ila macho ya watu.

Anna alikuwa na akili, na alipenda kusoma. Alitaka awe mwalimu. Akapelekwa mji wa Truro, akakaa kwa jamaa zake, ili asomee kazi hiyo. Hakudumu. Madawati hayakumwenea. Kila alipopita njiani watu walisimama wakamkodolea macho. Mwisho aliyakata matumaini yake, akarudi kijijini.

Hapa nakuomba usimame kidogo, msomaji. Msichana huyu hakushindwa na masomo. Alishindwa na dawati. Lau angalitokea mtu mmoja akamwita seremala, akamwambia atengeneze dawati moja refu na kiti chake, pengine Nova Scotia ingalimpata mwalimu mwema. Ni mbao chache na misumari, ni kazi ya siku mbili. Lakini hakuna aliyemwita seremala. Aliyekuja kumwita Anna alikuwa ni mtu wa maonyesho.

FUTI NANE NA INCHI MOJA

Huko New York alikuwako tajiri mmoja aitwaye P. T. Barnum, mwenye jumba kubwa la maajabu. Kwa senti 25 mtu aliingia akaona wanyama, masanamu, na pia wanadamu: wafupi mno, wanene mno, na warefu mno. Mwaka 1862, miezi michache tu baada ya Speke kukunjua kamba yake Karagwe, Anna akaingia katika jumba hilo.

Wazee wake hawakukubali kwa wepesi. Katika masharti ya mkataba lilikuwamo hili, kwamba mama yake afuatane naye kwa muda wa mwaka mzima, na kwamba apewe mwalimu wa kumsomesha saa tatu kila siku. Tazama basi: hata siku alipokubali kutazamwa kwa fedha, sharti lake lilikuwa ni kusoma. Akajifunza piano, akatoa hotuba mbele ya watazamaji, akaigiza katika michezo ya jukwaani.

Barnum alitangaza kwamba urefu wake ni futi 8 na inchi 1, yaani sentimita 246. Kipimo chake cha kweli, kama kilivyoandikwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness, ni sentimita 227, ambazo ni futi 7 na inchi 5 na nusu. Sentimita 19 zilikuwa ni za tajiri. Biashara ya vioja haitosheki na kiumbe kama Muumba alivyomwumba. Ni lazima imwongezee, kwani watu wakikwisha kuzoea ajabu ya leo watataka kubwa zaidi kesho.

Tarehe 13 Julai 1865 jumba la Barnum lilishika moto. Anna aliokolewa, lakini akiba yake ya fedha na nguo zake ziliteketea. Miaka mitatu ya kutazamwa ikamwachia nguo alizovaa. Hakuwa na pengine pa kwenda, akarudi kazini.

NYUMBA YA SEVILLE

Mwaka 1871 alichukuliwa na msafara wa maonyesho kwenda Ulaya. Katika msafara huo alikuwamo Martin Van Buren Bates, mzaliwa wa Kentucky mwaka 1837, ambaye urefu wake ulikuwa sentimita 220. Bwana huyu alikuwa mwalimu wa shule ujanani mwake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 alipigana upande wa majimbo ya Kusini, yaliyotaka utumwa ubakie. Silifichi jambo hilo, kwa sababu lina funzo: mtu kuonewa kwa sababu ya mwili wake si dhamana kwamba yeye hatausimamia uonevu wa mwenziwe. Kila mmoja ana nafsi yake ya kuichunga.

Waliposafiri pamoja walipendana, wakaoana London tarehe 17 Juni 1871. Mke alimpita mume kwa sentimita 7. Malkia Victoria, yule yule wa Ziwa letu, aliwaita mbele yake akawapa zawadi za thamani. Lakini zawadi ya malkia haizuii msiba. Mwezi wa Mei 1872, huko huko London, Anna alijifungua mtoto wa kike, ratili 18 kama mama yake, naye alizaliwa amekwisha kufa.

Wakarudi Marekani, wakanunua shamba katika mji mdogo wa Seville, jimbo la Ohio, na hapo wakafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Walijenga nyumba kwa kipimo chao wenyewe. Dari za vyumba walivyoishi zilikuwa futi 14 kwenda juu, na milango yake futi 8 na nusu. Vitanda, viti na meza vilichongwa kwa kadiri yao. Bwana Bates mwenyewe alieleza katika maandishi yake kwamba mgeni akivitumia vyombo hivyo huwa kama msafiri aliyeingia nchi ya majitu.

Fikiri, msomaji. Mtu yule yule aliyekwenda mjini kwa fakhari, ambaye kila mlango wamwenea na kila kiti chamtosha, akiingia Seville miguu yake yaning'inia kitini kama ya mtoto. Humo ndani yeye ndiye kioja. Na Anna, ambaye maisha yake yote alikuwa akiinama, sasa apita mlangoni kwake na shingo imenyooka. Mwili wake haukupungua hata sentimita moja. Aliitwa seremala, basi.

Na jengine ni hili. Katika mji huo Anna alifundisha watoto wa kanisa lake masomo ya dini siku za Jumapili. Ualimu aliounyimwa Truro aliupata Seville, kati ya majirani waliokwisha kumzoea, waliomjua kwa jina lake kabla ya kumjua kwa urefu wake.

JENEZA LILILOKUJA

Mwezi wa Januari 1879 alizaa mtoto wa kiume, karibu kilo 10, urefu wake sentimita 71. Mtoto huyo aliishi saa 11, akafa. Katika miaka hiyo Anna na mumewe walirudi kwa misimu michache katika sarakasi ya W. W. Cole, kisha wakaiacha. Anna alifariki nyumbani kwake tarehe 5 Agosti 1888, ikiwa imebaki siku moja tu atimize miaka 42.

Mumewe akapeleka vipimo katika mji wa Cleveland ili litengenezwe jeneza. Waliovipokea walivitazama wakaona haiwezekani, bila ya shaka mwandishi amekosea. Wakaleta jeneza la kawaida. Mazishi yakangoja mpaka likatengenezwa jingine. Mjane wa kiume akasimama na maiti ya mkewe, kwa sababu watu aliowapelekea khabari ya kweli waliuamini mkono wao kuliko neno lake. Baada ya hapo Bwana Bates aliagiza jeneza lake mwenyewe, akalihifadhi, likamngoja mpaka alipokufa mwaka 1919.

Hata hivyo Anna alikuwa na bahati kuliko wengine, kwani alizikwa. Mrefu mmoja wa Ireland, Charles Byrne, aliyejionyesha London na akafa mwaka 1783 akiwa na miaka 22, alikuwa akiwaogopa madaktari wapasuaji. Aliwaomba rafiki zake wamzike baharini ili mifupa yake isichukuliwe. Daktari John Hunter alitoa fedha, akaipata maiti, na mifupa ya Byrne ikawekwa katika kabati la vioo kwa zaidi ya miaka 200. Ilikuwa mwaka 2023 ndipo jumba hilo la makumbusho lilipotangaza kwamba halitaionyesha tena.

NJIA YA PANGA

Usiseme, msomaji, kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani. Mkoa wa Mara niliokupeleka mwanzo umo katika Kanda ya Ziwa, na katika miaka ya 2007 na 2008 dunia nzima ilisikia khabari za kanda hiyo. Watu wenye ualbino waliuawa, wakakatwa viungo, hata watoto, kwa sababu waganga waongo waliwadanganya watu kwamba viungo hivyo huleta utajiri katika uvuvi na katika machimbo ya dhahabu.

Jambo kama hilo halianzi na panga. Huanza na mtoto anayemwita mwenziwe jina la kuchekesha, na mzazi akanyamaza. Kisha mwenye mwili tofauti huwa kioja, na kioja hakina jina. Kisha huwa kitu. Na kitu huwa na bei. Barnum alitoza senti 25 kumtazama mtu angali hai. Hunter alilipa zaidi kwa mtu aliyekwisha kufa. Muuaji wa Kanda ya Ziwa hakutaka kungoja afe. Hao watatu hawalingani katika dhambi, lakini wote wamepita njia moja, na njia hiyo mwanzo wake ni jicho.

Na jicho laweza kurekebishwa. Mwaka 2010 watu wa Lindi, ndugu zetu wa pwani, walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao. Alikuwa ni mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda kiti cha jimbo katika Tanzania. Waliopiga kura hizo walimtazama mtu, wakasikia asemayo, wakampa kazi.

Sisi tuliolelewa katika vyuo vya Qur'ani hatuna udhuru katika jambo hili. Twajua kisa cha Abdullah bin Mas'ud, aliyekuwa na miguu myembamba. Alipanda mti siku moja, upepo ukaifunua miundi yake, na baadhi ya masahaba wakacheka. Mtume (s.a.w.) hakulipitisha jambo hilo. Aliwajulisha kwamba miguu ile katika mizani ya Siku ya Kiyama ni mizito kuliko jabali la Uhud. Waliocheka walikuwa na kipimo chao, na Mwenyezi Mungu alikuwa na chake.

Basi turudi Bunda. Basi lingali limesimama, na yule mtu mrefu angali amezungukwa. Shuka umpe salamu. Muulize jina lake na aendako. Akiwa aendelea na safari mpaka Musoma, mwombe kondakta amweke kiti cha mbele penye nafasi ya magoti. Na yule mtoto anayecheka, kama ni wako, mshike mkono umlete karibu, naye amwamkie kama anavyowaamkia wakubwa wote.

Kisha ukirudi nyumbani, tazama katika mtaa wako. Pengine yuko mtoto ambaye hendi tena shule au chuoni kwa sababu dawati halimwenei, au ngazi hazipandi, au jua lamchoma ngozi na hakuna aliyemsogeza kivulini. Anna Swan alingojea mpaka alipoweza kujijengea mlango wake mwenyewe, na kabla ya hapo alipita Halifax, New York na London. Mtoto wa mtaani kwako asingojee hivyo. Mafundi wa mbao tunao, na mbao zipo.